Birika Lilipozunguka Kushoto

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemfundisha baba yetu Adamu majina ya vitu kabla hajamfundisha kulima wala kushona. Sifa ni zake Yeye anayekijua kila kiumbe kwa jina lake, punje iliyo chini ya jiwe na nyota isiyofikiwa na jicho, na rehema na amani zimfikie Mtume wake na watu wema wote. Namshukuru kwa pumzi, kwa macho ambayo bado yanasoma bila kuisogeza karatasi mbali sana, na kwa miaka ile yote aliyoniacha nisimame mbele ya ubao nikiwafundisha watoto wa watu kuviita vitu kwa majina yake.

Nimestaafu mwaka huu. Vijana wa idara ya Kemia waliniaga kwa keki na blanketi zito, kwa kuwa wanaijua baridi ya Mbeya mwezi wa sita, kisha wakaniomba niwaandikie lolote la kazini litakalowafaa. Habari za vyeo na mishahara nawaachia wenye kumbukumbu nzuri kuliko mimi. Nitaandika juu ya pete. Simaanishi za vidoleni, bali zile kampaundi ambazo kaboni zake zimeshikana mikono zikafunga duara, nasi tunatakiwa kuzihesabu na kuzipa majina. Katika kidato cha tano ni mada ya wiki mbili tu. Mimi nimeishi ndani yake zaidi ya miaka thelathini, na bado naiona nzuri.

Nilianza kazi Iringa, mjini nilikozaliwa. Babu yangu alipanda kutoka Kilwa na mzigo wa vitambaa, akakusudia kurudi, hakurudi. Ndivyo sisi wajukuu tulivyojikuta tumezaliwa kwenye baridi. Baba aliuza kanga na nyuzi sokoni. Mimi nilitoka madrasa, nikaenda sekondari, nikaenda chuo cha ualimu, na siku ya kwanza nilifika shuleni na kofia yangu ya vito, ile ya kutariziwa kwa mkono, kichwani na chaki mpya mfukoni, kana kwamba shule haikuwa na chaki.

Mkuu wa idara alikuwa Mwalimu Kalinga, Mhehe mrefu, Mlutheri wa kanisani kila Jumapili, mwenye sweta la kijivu ambalo viwiko vyake vilikuwa vimetiwa viraka vya ngozi. Aliniangalia kutoka kofia hadi viatu.

"Wewe ndiye ustaadh tuliyeletewa?"

"Ndiyo, mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Kwetu Wahehe tunasalimia kamwene. Twende stoo kwanza. Darasani hujafika bado."

Jina la Ustaadh lilinishika tangu dakika ile na halijaniachia. Stoo alifungua kabati, akanitilia mkononi kitu cheupe, cha duara, chenye harufu ya sanduku la nguo.

"Nini hicho?"

"Kidonge cha nondo, mwalimu. Mama anaweka kwenye kanga zake."

"Mama yako anakitumia. Mimi nakuuliza kinaitwaje."

"Naftalini."

"Kaboni ngapi?"

"Kumi."

"Zihesabu."

Nikachora pete mbili za pembe sita zilizoshiriki ukuta mmoja, nikaanza kuandika moja, mbili, tatu, nikizunguka kwa kujiamini, mpaka nikaiandikia namba ile kaboni iliyokaa kwenye ukuta wa pamoja. Mwalimu Kalinga akacheka hadi akashika kabati.

"Ustaadh, umempa kiwanja mtu anayekaa juu ya mpaka!"

Akaninyang'anya kalamu. Akanionyesha kwamba hesabu inaanzia kwa jirani wa mpaka, inazunguka nje, na ikifika mpakani inaruka. Zile kaboni mbili za mpakani, kwa kuwa zinazitumikia nyumba zote mbili, hazipewi namba zao wenyewe. Huchukua namba ya jirani aliyetangulia na herufi ndogo pembeni, 4a na 8a. Nilikuwa na cheti mfukoni, nami sikuwa nimewahi kujiuliza kwa nini. Yeye alijiuliza kila kitu. Hiyo ndiyo tofauti niliyoiona kati yetu siku ya kwanza, na nilipata miaka saba ya kuipunguza.

Kifaa chake kikubwa hakikununuliwa na serikali. Alichukua spoku za baiskeli, akazikunja zikawa pete ya pembe sita, na kila pembe akapachika kizibo cha soda alichokitoboa kwa msumari. Kizibo kilikuwa kaboni. Kitambaa chekundu kilichofungwa kwenye kizibo kilikuwa kundi la alkoholi, oksijeni na haidrojeni yake. Kitambaa cha kijani kilikuwa methili, kaboni moja na haidrojeni zake tatu. Aliiita pete yake ya ndoa ya pili, na akasema mkewe ana habari.

Aliniinulia ile pete juu, kitambaa chekundu kikiwa chini upande mmoja. "Hesabu."

Nikaanza na kizibo cha juu.

"Kwa nini hicho?"

"Kwa sababu ndicho kiko juu, mwalimu."

"Juu ni ya ubao. Pete haina juu." Akaizungusha. "Sasa je?" Akaigeuza nyuma mbele kama mtu anayegeuza chapati. "Na sasa? Jina limebadilika?"

Halikubadilika. Hapo ndipo nilipoipenda kazi hii. Unaweza kuizungusha pete, ukaigeuza, ukaitupa juu na kuidaka, na jina lake likabaki lile lile, kwa kuwa sheria ya kuhesabu haitazami mchoro umelalaje. Inatazama nani ana cheo. Mwenye cheo kikubwa, mathalani asidi, au kama hakuna asidi basi alkoholi, hupewa namba moja popote alipokaa. Kisha unazunguka kwa upande ule utakaowapa waliobaki namba ndogo kabisa. Pande zote zikitoa namba sawa, unatazama alfabeti, bromini ikaitangulia klorini bila ugomvi. Hakuna upendeleo. Mwalimu aliyeko Mbeya na mtaalamu aliyeko Japani hawajawahi kuonana, na kila mmoja akiandika jina, mwenzake atachora kitu kile kile hadi pembe ya mwisho. Watu walikaa wakakubaliana jambo hilo, na wakaliheshimu. Nimeona mikutano ya kijiji iliyoshindwa kukubaliana mahali pa kuchimba kisima.

Kama mtu alidharau namba, Mwalimu Kalinga alimpeleka kwenye rafu ya juu, kwenye chupa mbili zilizokuja zamani na msaada. Zote mbili zilikuwa na benzini iliyobeba klorini mbili. Kaboni sawa, klorini sawa, uzito sawa. Tofauti ilikuwa kwenye namba: moja iliandikwa 1,2 na nyingine 1,4. Aliziinamisha mbele ya darasa. Ya 1,2 ilimwagika ndani ya chupa kama maji. Ya 1,4 ilikuwa vipande vyeupe vinavyogongana kama kokoto. "Namba imehama nafasi mbili tu," alisema, "na kimiminika kimekuwa jiwe. Atakayesema namba ni mapambo, leo afagie maabara."

Nilipohamishiwa Mbeya, aliizungushia ile pete ya spoku gazeti, akanikabidhi kituo cha basi.

"Mimi nitatengeneza nyingine," alisema. "Hii usiifanye pambo."

Niliifanya pambo. Hili naliandika waziwazi ili anayenisoma asije akadhani nilikuwa mwanafunzi bora kuliko nilivyokuwa. Darasa langu la Mbeya lilikuwa na watoto wengi, na wa nyuma hawakuweza kuviona vizibo. Nikaitundika pete kwenye msumari, stoo, nikatafuta mfano wangu mwenyewe. Nikaupata kwenye sinia.

Sisi tuliolelewa kipwani, hata kama pwani yenyewe tumeisikia tu, tunakula wali kwenye sinia, watu sita kulizunguka. Kaboni sita zimekaa mkekani tayari! Kabla ya kula, mtu hupita na birika na beseni kuwanawisha watu mikono. Anaanza na nani? Na mgeni wa heshima, popote alipokaa, hata kama yuko karibu na mlango. Basi mgeni ndiye alkoholi, ndiye namba moja. Kisha birika linaendelea kulia, wa pili, wa tatu, mpaka mwisho. Watoto waliupokea mfano kwa furaha. Wanyakyusa, Wasafwa, Wasangu, wote wamewahi kunawishwa. Walikuwa wanakohoa kwa kicheko nilipoigiza mgeni anayejifanya hana njaa.

Mfano ukapata miguu. Tulipokutana walimu wa Kemia wa mikoa yetu kutunga na kusahihisha mitihani ya majaribio, wenzangu waliuomba, nikawaeleza, wakaenda nao Rujewa, Makambako, mpaka Iringa. Mmoja aliniambia, "Ustaadh, birika lako limefika kwetu kabla ya maji ya bomba." Nilifurahi zaidi ya ilivyopasa. Nawaambia ninyi vijana, mwalimu akisikia mfano wake unatajwa na mtu asiyemjua, na arudi nyumbani akaupime upya siku hiyo hiyo.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Ulikuwa mwaka wangu wa mwisho wa kufundisha. Kidato cha sita kilikuwa na binti anayeitwa Atuganile. Alilelewa na shangazi yake mwenye duka la dawa Iyunga, na tangu shule ya msingi kazi yake jioni ilikuwa kupanga maboksi kwenye rafu. Alikuwa na tabia ya kuzifungua zile karatasi za ndani ya maboksi, zilizokunjwa mara kumi, na kusoma maandishi madogo ambayo hakuna mteja anayeyasoma. Alizikuta pete zetu humo, majina marefu yenye namba na vistari. Aliniuliza siku moja kama ni kweli kuna watu wanaoyaelewa yote. Nikamwambia, wapo, wanaitwa wafamasia. Kuanzia hapo hakutaka kitu kingine. Lakini kozi ile inaitaka Kemia iwe juu, na yeye Kemia yake ilikuwa inapanda kwa kusukumwa, alama moja moja, kama lori la viazi kwenye mlima. Hakuwa na alama hata moja ya kupoteza.

Matokeo ya mtihani wa majaribio yalipokuja, miezi miwili kabla ya mtihani wa taifa, alikuwa amekosa kiwango kwa alama chache. Alinifuata maabara na karatasi yake. Hakuwa analia. Ningependelea alie.

"Shikamoo, mwalimu. Naomba unionyeshe kosa langu hapa."

Swali lilitungwa na mwalimu wa shule nyingine. Pete ya kaboni sita, alkoholi kwenye pembe ya juu, methili pembe ya pili yake kwa upande wa kushoto. Jibu sahihi ni 3-methili-saikloheksanoli. Yeye aliandika 5-methili.

"Umehesabuje?"

"Kama ulivyotufundisha, mwalimu. Mgeni wa kwanza. Birika likaenda kulia. Wa pili, wa tatu, wa nne, methili ikaangukia kwa wa tano."

"Lakini nilisema tuchague upande wenye namba ndogo."

"Ulisema, mwalimu." Akaongeza kwa adabu. "Ulisema mara moja. Birika umelisema kila siku."

Nilimwomba aniachie karatasi. Nikachukua za wenzake. Karibu darasa zima waliandika tano. Nikafungua madaftari yangu ya maandalio, ya mwaka ule, ya mwaka wa nyuma, ya miaka kumi nyuma. Katika kila pete niliyochora, jirani wa mgeni alikuwa upande wa kulia. Kila pete! Mkono wangu wa kulia ulikuwa umechora vya kulia tu, na kwa hiyo birika la kulia halikuwahi kunikosesha jibu. Sikuwa nimewafundisha kuhesabu pete. Nilikuwa nimewafundisha kuzihesabu pete zangu. Na matokeo ya taifa huja na herufi tu, hayaji na karatasi za majibu, kwa hiyo ni watoto wangapi waliopita mikononi mwangu wakapoteza alama ile, Mungu pekee ndiye anayejua, nami namwomba anisamehe kwa kila mmoja.

Nilimpigia simu Mwalimu Kalinga. Amestaafu siku nyingi, analima nyanya Ilula, na anaziuza mwenyewe barabarani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Ustaadh! Ngoja kwanza, basi limesimama." Nikasikia ndoo zikigongana, sauti za wauzaji, yeye akimwambia mtu kwamba bei hiyo akaitafute kwa mama yake. Kisha akarudi. "Haya, sema."

Nikamweleza yote.

"Nilikupa waya," akasema, "wewe ukachukua birika."

"Ndiyo, mwalimu."

"Pete yangu iko wapi?"

"Ipo. Nimeitundika stoo."

"Ukutani ina upande mmoja tu, Ustaadh. Ishushe."

Niliishusha, nikaifuta vumbi, nikaikuta vizibo viwili vimeshika kutu. Lakini bado nilikuwa na tatizo. Kichwa cha mtoto si ubao. Nilichokiandika mle kwa miaka miwili kisingefutika kwa sababu tu nimekuja na waya. Ningewaambia nini? Wasahau birika? Hakuna anayesahau kwa kuamriwa.

Ijumaa hiyo, baada ya sala, shemeji yangu alikuja kutoka Rujewa na mchele mpya, na mke wangu, Mama Zuhura, akaupika siku hiyo hiyo. Tulimwita pia jirani yetu Mzee Mwakalobo, mtu wa zaidi ya miaka themanini. Tukakaa sita kulizunguka sinia: shemeji, mimi, vijana wangu watatu na mzee. Sikuwa na hamu ya kula. Nilikuwa nautazama mkeka nikiona namba tano kila mahali.

Mama Zuhura akaja na birika na beseni. Akaanza na shemeji, kwa kuwa ndiye mgeni. Kisha, badala ya kugeuka kulia nilikokuwa nimeshatanguliza mkono, akageuka kushoto. Akamnawisha kijana wetu mmoja aliyekaa katikati, akafika kwa mzee.

"Mama Zuhura," nikasema, "mbona umeenda kushoto?"

"Mzee si yuko upande huu?"

"Lakini birika linaenda kulia."

Akanitazama kama anayemtazama mtoto aliyevaa viatu kinyume. "Baba Zuhura, kulia ni pale wote mnapolingana. Nikizunguka kulia, mzee atanawa wa tano, baada ya wewe na vijana wako. Huku ni wa tatu. Utanifundisha heshima leo?"

Shemeji akacheka. "Afadhali umjibu wewe, dada. Mimi nimeogopa angesema nirudie kunawa."

"Sogeza mkono, maji yanapoa," akasema Mama Zuhura.

Wa tano kwa kulia, wa tatu kwa kushoto. Ni namba zile zile za karatasi ya Atuganile, juu ya mkeka wangu mwenyewe! Nilisema alhamdulillahi kwa sauti kubwa, mzee akadhani nausifia wali, akaitikia. Kumbe desturi haikuwa na kosa. Wanawake wa nyumba zetu wameizunguka pete sahihi miaka yote. Wanaanza na mgeni, wanapima upande ambao mkubwa wa pili yuko karibu, na wanakwenda kulia pale tu pande zote zinapolingana. Mimi ndiye niliyeangalia nusu ya jambo na kwenda kulifundisha.

Jumatatu nilibeba birika la nyumbani, beseni, na pete ya spoku. Nikaunganisha meza mbili, nikawaita wanafunzi sita wakae kuzizunguka. Nikaliambia darasa, "Mfano wangu ulikuwa nusu. Nimewakosesha, na nawaomba radhi." Wakatazamana. Wanafunzi wetu hawajazoea kuombwa radhi, wanadhani kuna adhabu inafuata.

Nikampa Atuganile birika. Nikamfunga kijana mmoja kitambaa chekundu mkononi, huyo mgeni. Wa pili wake kushoto nikamfunga cha kijani. Alikuwa Hamisi, mdogo kuliko wote kwa umbo.

"Huyu ndiye mzee," nikasema.

"Mzee gani hana ndevu!" likaja kutoka nyuma.

"Ndevu zimeachwa Tukuyu," Hamisi akajibu. "Ninawisheni, nina njaa."

"Atuganile," nikasema, "kuna mgeni na kuna mzee. Nyumbani kwa shangazi yako ungeanza na nani?"

"Mgeni."

"Kisha?"

Akawatazama. Mkono wake ulianza kwenda kulia, kwa mazoea niliyompa mimi. Ukasimama. Akahesabu kwa midomo bila sauti, kulia, kisha kushoto.

"Kwa heshima ya mzee," akasema taratibu, "kushoto."

"Mzee wa ngapi?"

"Wa tatu."

"Jina?"

"3-methili-saikloheksanoli." Halafu akageuka kwangu, uso umefunguka. "Mwalimu, kwa hiyo lile birika halikuwa la kulia kabisa?"

"Halikuwa. Ni mimi niliyelisukuma."

Tulihamisha vitambaa mpaka kengele ikalia. Mgeni akakaa karibu na dirisha, akakaa karibu na mlango, mzee akawa kulia, akawa kushoto, akawa mkabala ambapo pande zote ni sawa. Kila walipokubaliana jina, niliinua pete ya Mwalimu Kalinga imefungwa vitambaa vile vile, nikaizungusha, nikaigeuza, wakasoma jina lile lile. Wa nyuma walipolalamika kuwa hawavioni vizibo, nikafanya nilichopaswa kufanya miaka mingi iliyopita. Nikaishusha pete nikatembea nayo kati ya madawati.

Hamisi, ambaye tunasali naye msikiti mmoja, alinyoosha mkono. "Mwalimu, kwani Makka, wakiizunguka Kaaba, hawaendi kushoto siku zote?"

"Makka mwanzo umewekwa na njia imewekwa, tunafuata," nikamwambia. "Hapa mwanzo tunautafuta na njia tunaipima. Usichanganye."

Jioni zile niliwapigia simu walimu niliowagawia mfano, mmoja mmoja. Si kazi nzuri, lakini inaisha. Wengine walinishukuru. Mmoja wa Iringa alisema, "Ustaadh, mimi hilo birika nimemfundisha hata mke wangu." Nikamshauri amuulize mkewe kwanza, huenda tayari anajua.

Kwa Atuganile sikutaka kubahatisha. Kila siku baada ya masomo nilimwachia pete moja ubaoni, pembe yoyote juu, jirani upande wowote. Niliichora kwa mkono wa kushoto ili nisijidanganye. Zilikuwa pete mbaya sana, nyingine zilifanana na viazi. Aliziita kwa majina yake zote. Wiki ya kwanza alikosea mbili, wiki ya pili moja. Baada ya hapo nikaanza kumpa zenye naitrojeni ndani ya duara, ambayo huchukua namba moja kwa kuwa ni mwenyeji aliyekaa ndani ya pete yenyewe, na zenye kaboni mbili zilizoshikana mara mbili, ambazo hesabu lazima izipitie zikifuatana bila kuzitenganisha. Hizo hazikuwa kwenye mtihani. Zilikuwa kwenye karatasi za maboksi ya shangazi yake.

Siku ya mtihani wa Kemia nilikaa mlangoni mwa maabara nikiwa na tasbihi. Wasimamizi walitoka shule nyingine, nasi tulizuiwa kukaribia, kama inavyopasa. Wanafunzi walipotoka walipita makundi makundi, wakibishana juu ya swali hili na lile, nami sikuuliza, kwa sababu mwalimu anayeuliza majibu mlangoni huwaharibia watoto mtihani wa kesho.

Atuganile alitoka nyuma ya wenzake. Alikuja moja kwa moja mpaka nilipokaa. Hakuchutama kusalimia kama kawaida yake. Alisimama, rula na kalamu vikiwa vimebanwa kifuani.

"Mwalimu," akasema, "ilikuwa kushoto."

Majibu yalipotoka alipata nafasi yake ya ufamasia, na shangazi yake alituletea soda maabara nzima. Lakini mimi matokeo yangu nilikuwa nimeshayapokea siku ile pale mlangoni. Vizibo vyenye kutu nimevibadilisha kwa vizibo vya soda zile. Pete iko juu ya meza ya idara, siyo msumarini, na mtakaoishika naomba muigeuze mara kwa mara.

Ewe unayesoma, uwe mwalimu au mwanafunzi au mpita njia tu, Mwenyezi Mungu akujalie kuanza pale panapostahili kuanzwa, na akuonyeshe upande ulio karibu na haki hata mkono wako ukiwa umezoea mwingine. Akupe mtu wa nyumbani mwako wa kukusahihisha kwa upole, na masikio ya kumsikia. Akulinde kuliani kwako na kushotoni kwako, na siku majina yatakapoitwa yote, lako aliite kwa rehema. Amina.